Kinywaji cha Mgonjwa

Drusilla, binti wa karani Josiah, alikuwa mdadisi wa kupita kiasi, hasa wa majina ya vitu. Kwao mjini Kisii kile kinywaji chenye mapovu kiliitwa soda, basi. Lakini jirani yao Luul, mke wa mwenye duka, alikiita namleti, maana ndivyo kilivyoitwa Mombasa alikokulia, na huko, alisema, harusi bila namleti si harusi. Shangazi yake wa Nyamira naye alikiita maji ya gololi, kwa ajili ya kile kigololi cha kioo kilichoziba mdomo wa chupa. Drusilla aliyakusanya majina hayo kama wasichana wenzake walivyokusanya shanga, na kila mgeni aliyefika kwao alisailiwa.

Basi siku wageni wa posa walipokuja kutoka Nyamarambe, mwaka ule wa 1951, alikuwa na haja mbili. Ya kwanza, iliyomnyima usingizi, ni kwamba alimpenda Manasseh, kijana waliyekuja kumposea, na Manasseh alikwisha kumwambia waziwazi kuwa mama yake akikataa, hakuna ndoa. Ya pili ilikuwa kujua watu wa Nyamarambe wanaiitaje soda.

Josiah alikuwa Msabato wa kweli kweli. Pombe haikuvuka kizingiti chake, wala chai. Kwa hiyo alichukua soda dukani kwa Luul, zikalowekwa kwenye ndoo ya maji baridi tangu asubuhi, na wageni walipoketi zikapangwa mezani juu ya kitambaa cheupe. Alijiona amewakirimu wakwe kuliko mtu yeyote pale mjini.

Nyangate, mama yake Manasseh, aliziangalia zile chupa. Macho yake yakazunguka chumbani hadi yakamkuta Drusilla, ambaye kwa kiu na wasiwasi alikuwa amekwisha kunywa nusu ya yake. Akainuka, akamwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Umeanza lini kuumwa, mwanangu?"

Drusilla akasema haumwi. Nyangate akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyewahi kudanganywa hivyo hivyo. Akamwita mwanawe nje, na kupitia dirishani kila mtu akamsikia akisema kwamba watu hawa wana mgonjwa na wanamficha, tena hawaoni haya, wameweka dawa zake mezani mbele ya wageni. Manasseh alijaribu kueleza kwamba mjini watu hunywa tu, kwa raha zao. Aliambiwa anyamaze, amwite mjumbe wa posa, waondoke.

Josiah alikasirika sana. Drusilla machozi yalimlengalenga, lakini alipiga moyo konde akatoka nje, na kilichomtoka kinywani kilikuwa swali lake la siku zote.

"Mama, kwenu hii mnaiitaje?"

"Hatuiiti," alisema Nyangate. "Tunampelekea mtu aliyeshindwa kula."

Na hapo mambo yakafahamika. Huko kwao mtu mwenye afya yake hakuinunua chupa ile. Ilinunuliwa sokoni, ikafungwa kwenye leso, ikapelekwa kwa mgonjwa, na jirani akikukuta nayo njiani hakukuuliza habari za nyumbani; alikupa pole. Nyangate mwenyewe alikuwa amempelekea bintiye Nyamoita miezi mingi, hadi siku alipomkuta hana haja nayo tena. Sasa hakutaka kumleta nyumbani msichana mwingine wa kuzika. Aliyasema hayo kwa sauti ya chini, bila ubishi wowote.

Drusilla aliona vibaya sana, na kwa mara ya kwanza akauonea haya udadisi wake. Hata hivyo hakujiweza, akauliza kama yeye mama aliwahi kuionja. Nyangate akamtazama kwa mshangao. Mama gani anaonja cha mgonjwa wake? Kila tone lilikuwa la Nyamoita.

Drusilla akarudi ndani, akaleta chupa. Akaisukuma gololi kwa kidole gumba, akanywa kwanza yeye, kama desturi inavyomtaka mwenyeji, kisha akampa mgeni wake. Nyangate alisita, akanywa. Gesi ikampanda puani, akashtuka, na kabla hajajizuia akacheka. Akanywa tena, akacheka tena, na machozi yakaanza kumtiririka.

"Alikuwa akicheka kila akinywa," alisema. "Nami nikadhani ni homa inamchekesha. Nilikuwa nikimfunika blanketi."

Akaketi pale pale mlangoni, akamvuta Drusilla akae karibu naye, wakawa wanaipokezana ile chupa. Mjumbe alipotoka kuuliza kama safari imeiva, Nyangate alimwambia arudi ndani akaendelee na mazungumzo ya ng'ombe wa mahari, na awaletee chupa nyingine.