Mukeke wa Mama Pélagie

Mwaka ule wa 1964 watu wa Uvira walikuwa wakikimbilia Burundi na magodoro kichwani, wakati Ndikumana, fundi cherehani wa Bujumbura, anavuka mpaka wa Kavimvira kuingia Uvira. Askari wa forodha alimkagua kama mtu mwenye homa.

"Papa, bote bako banatoka, weye uko unaingia. Iko nini kule?"

"Nakwenda kula."

Wala hakuwa anatania. Mgane huyu alikuwa amechoka kujipikia bugali mbichi, na wateja wake hawakuacha kumsifia mukeke wa Mama Pélagie, samaki wa ziwani katika mawese na nyanya, mpaka udenda ukamtoka.

Restora ya mama huyo ilikuwa kibanda cha mabati. Pélagie alimtengea sahani, harufu ikampanda puani, Ndikumana nusura alie kwa furaha. Kabla tonge halijafika mdomoni, wapiganaji wanne wa uasi wakaingia, wamelowa maji ya dawa ya kuzuia risasi. Mji mzima, na hata Bujumbura, ulijua mwiko wao: aliyenyunyiziwa dawa hali chakula cha mkono wa mwanamke, akila tu, risasi zinamwingia. Siku zote walikula hapa wakiamini mpishi ni Hyacinthe, mume wa Pélagie. Hyacinthe alikuwa ametoroka asubuhi hiyo.

"Hyacinthe iko wapi?" aliuliza kamanda Onesphore, kidole kwenye bunduki. "Nani amepika?"

Pélagie alisimama jikoni, upawa mkononi. Ndikumana aliogopa, lakini huruma ilimzidi. Akamnyang'anya upawa kabla hawajauona.

"Ni minye. Hyacinthe ameniachia kazi."

"Na uyu mama?"

"Mteja."

Ikabidi Pélagie, sasa mteja, akae mezani, mbele ya sahani ya Ndikumana, na ale. Onesphore hakuridhika.

"Pika, tuone."

Maskini, Ndikumana hakujua hata chumvi inatiwa lini. Bahati yake, mteja alikuwa mkorofi.

"Weye mupishi! Mafuta inaungua, tia nyanya! Usikoroge, samaki itavunjika!"

"Uyu mama iko na kelele," alinung'unika Onesphore.

"Ndiyo kawaida yake, kamanda."

Wapiganaji walikula wakalamba vidole. Onesphore akatangaza: kuanzia leo huyu ndiye mpishi wa jeshi, na mwiko mwingine wa dawa ni kwamba mpishi wa wenye dawa haonji mukeke mpaka vita viishe.

Ndikumana aligeukia sahani yake. Ilibaki miiba mitupu, na Pélagie alikuwa akibubujikwa na machozi.

"Miaka yote napikiaka batu, minye nakulaka mabaki jikoni," alimnong'oneza. "Sikujua ni tamu hivi."

Ndikumana alimeza mate.

"Ni tamu namna gani, mama? Nieleze."

Pélagie akamweleza polepole, bila kuruka kitu, mpaka Onesphore, aliyekuwa akisikiliza, akaomba sahani nyingine.