Nyuzi Zilizopakwa Mbarika

Regina aliisikia besi ya Amosi kwanza kwa maji, ndipo kwa masikio. Jiko la hoteli lilipakana na ukumbi ambamo bendi ilifanyia mazoezi kila alasiri, ukuta mmoja tu katikati. Amosi alipogusa uzi ule mnene kuliko zote, maji ya ndooni yalijikunja viduara vidogo vidogo, kama mtu kayapulizia. Sauti ilifuata nyuma, nzito na safi, ikapita chini ya miguu yake, ikaja kutulia kifuani.

Habari hiyo hakumwambia mtu. Angeisemaje? Regina hakuwa mtu wa kusema. Wateja walimwita Bubu, naye aliwaitikia kwa kuwawekea chai mezani.

Alikuwa ameshuka kutoka Tegetero, juu kule Uluguru, miaka mitatu nyuma. Shule aliiachia darasa la nne, mwaka aliofariki mama yake, akabaki nyumbani kwa mjomba Anselmi kulea wadogo zake. Mjomba alikuwa mpiga ngoma. Sikukuu ya parokia yeye, kumtoa mwali yeye. Kila alipomaliza kupiga aliiweka ngoma magotini, akaipaka ngozi yake mafuta ya mbarika taratibu, kwa kiganja, kama anampaka mtoto aliyetoka kuogeshwa. "Ngozi ikikauka inapasuka," alimwambia Regina. "Ikinywa mafuta inaimba." Majembe na mapanga nayo aliyapaka hayo hayo, maana ukungu wa kule juu hauachi chuma salama. Siku Regina alipoondoka kuja mjini, mjomba alimfungia chupa moja ya mbarika kwenye kanga yake. Kwa mjomba, kumpenda mtu kulikuwa kumpa kitu cha kupaka.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tatu. Kiwanda alichofanyia kazi Amosi kilikuwa kimefungwa, mashine zake zikimsubiri mnunuzi. Na wakati huohuo maduka ya Morogoro yalikuwa yamefurika vitu ambavyo zamani watu walivisikia tu kwa waliosafiri. Amosi alichukua kiinua mgongo chake akanunua vitu viwili: gitaa la besi lililokwisha kupigwa na mtu mwingine, na baiskeli. Asubuhi baiskeli ilibeba mboga za watu wa mlimani kutoka Bigwa hadi sokoni, matenga mawili nyuma na moja mbele. Alasiri gitaa. "Huyu ananilisha," alipenda kusema, akiipiga baiskeli tandikoni. "Huyu mwingine mimi ndiye namlisha."

Gitaa lililala stoo ya hoteli, na ufunguo wa stoo ulikuwa wa Regina. Masika ilipoanza, ukungu ukashuka kutoka mlimani hadi madirishani. Asubuhi moja Regina alifungua stoo akaona vidoa vya kutu kwenye nyuzi za besi. Aliogopa. Alikuwa amemsikia Amosi akiwaambia wenzake kwamba nyuzi zile aliletewa na ndugu yake aliyekuwa Zambia, na zikiharibika hana nyingine.

Akaenda kuitwaa ile chupa. Akaufunga mlango wa stoo, akaketi juu ya kreti, akaliweka gitaa magotini. Uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Aliupaka kila mmoja kutoka juu hadi chini, akafuta mafuta yaliyozidi kwa pindo la kanga, akalirudisha gitaa kama lilivyokuwa. Kesho yake akafanya hivyo tena, na keshokutwa. Siku ya nne haikuwa tena kwa ajili ya kutu. Ilikuwa ndiyo saa pekee ya siku aliyoweza kukishika kitu ambacho Amosi alikishika.

*

Wiki haikuisha, besi ikafa.

Si kwamba ilinyamaza. Maji ya ndooni bado yalitikisika. Lakini sauti iliyofuata ilikuwa kama ya mtu anayeongea na shuka mdomoni. Zamani kila noti ilifika na ncha yake, ukajua imeanzia wapi na imekomea wapi. Sasa zilikuja zimeshikana, kama ugali uliokorogwa bila kusongwa.

"Amosi!" alipaza sauti mzee Dadi, aliyepiga solo na kuiongoza bendi. "Hilo gitaa umelipa dawa ya usingizi?"

"Unyevu tu, mzee Dadi. Hata nyuzi zinateleza."

"Unyevu hata mimi unaniingia, mbona sikoromi?"

Wenzake walicheka. Amosi alicheka nao, ila si sana. Alifungua ampilifaya akapuliza vumbi. Akahamisha spika kutoka pembeni ikawa katikati, kisha akairudisha pembeni. Akazungusha vitufe vyote, besi juu, besi chini. Alibadilisha waya, akaazima mwingine. Siku tatu nzima alikuwa akipiga noti moja, anainamisha kichwa, anasikiliza, anatikisa kichwa. Regina aliyasikia yote jikoni, akamwonea huruma, wala hakujua kwamba chanzo ni yeye.

Siku ya Jumatano mzee Dadi aliacha utani. Jumamosi ile hoteli ingefungua dansi lake la kwanza, na tajiri mwenye hoteli alikuwa ameahidi kwamba bendi ikimridhisha itapiga kila wiki.

"Mwanangu," alimwambia Amosi, "nakupenda, lakini dansi bila besi ni harusi bila bibi harusi. Ngerengere kuna kijana anapiga vizuri, na ana vyombo vyake. Nakupa mpaka kesho. Kesho ikiwa hivi, namwita."

Kesho yake, alasiri, aliletwa mwenye dawa. Jina lake Stambuli, mfanyabiashara aliyekuwa akifuata vyombo vya muziki Dar na kuviuza Morogoro kwa maneno matamu. Alikuwa na kisanduku cha chuma cha buluu, ukubwa wa kopo la maziwa ya unga lililolazwa, chenye vitufe vitatu na mahali pa kukanyagia.

"Pedali, ndugu zangu," alisema, akiiweka sakafuni kama anayeweka yai. "Gitaa linaingia hapa, spika inatokea hapa, sauti inapita katikati inakogeshwa. Wenzenu wote Dar wanakanyaga hii. Kanyaga, kijana."

Amosi akachomeka, akakanyaga. Besi ikatoka kubwa mara mbili. Ukumbi mzima ukatetemeka, na ndoo ya Regina, aliyokuwa ameitua mlangoni mwa ukumbi, ikamwaga maji. Lakini ilikuwa sauti ileile ya shuka mdomoni, ila sasa mwenye shuka alikuwa anapiga kelele.

"Angalau inasikika," alisema mzee Dadi kwa shingo upande.

"Unataka nini?" Amosi akamwuliza Stambuli.

"Nimeona baiskeli yako pale nje. Tubadilishane. Chombo kwa chombo, tusisumbuane."

Kila mtu mle alijua baiskeli ile ndiyo ugali wa Amosi. Amosi alitazama mlangoni, akatazama pedali, akakuna kidevu.

"Nitabeba mboga kichwani," alisema mwisho, akijaribu kucheka. "Akina mama wa Mgeta wanabeba, mimi nimezidi nini?"

Akatoka. Regina, aliyekuwa ameingia na kitambaa kukausha maji yaliyomwagika, alibaki amepiga magoti pale sakafuni. Mbele ya uso wake, shibiri mbili tu, gitaa lilikuwa limelazwa kwenye kiti. Na kutoka kwenye gitaa ilikuja harufu anayoijua tangu utoto. Harufu ya ngoma ya mjomba.

Akanyoosha kidole akagusa uzi. Uliteleza. Akaugonga kwa ukucha, ukalia dup, kama kamba ya kuanikia nguo iliyolowa. Ngoma ni ngozi, na ngozi hunywa. Chuma kitanyweaje? Mafuta yote aliyoyapaka yalikuwa yamekaa palepale, katikati ya mizunguko ya ule waya mwembamba uliouzunguka kila uzi, yakiwa yameshikana na jasho la vidole na vumbi la ukumbi.

Nje, mnyororo wa baiskeli ulikuwa ukisogea. Amosi anaikokota ndani. Kama angenyamaza, hakuna ambaye angejua kamwe. Na kama angesema, Amosi angeuliza swali moja, na hilo swali Regina alilijua, akaliogopa kuliko kufukuzwa kazi.

Gurudumu la mbele likapita kizingiti.

"Usimpe," alisema Regina.

Ilitoka ndogo, lakini kwa kuwa ilitoka kwake, watu wote waligeuka.

"Eh! Leo Bubu kasema!" mpiga tumba akapiga kofi. "Mvua haikatiki wiki hii!"

"Mwacheni," alisema mzee Dadi. "Regina, mwanangu, umesemaje?"

"Shikamoo, mzee Dadi," alisema Regina, maana ulimi ulipokosa pa kushika ulishika hapo. Watu wakacheka. Akasubiri wamalize, akitazama kitambaa mkononi. "Ni mimi. Nyuzi nilizipaka mafuta. Ya mbarika. Kila asubuhi."

Hapo walicheka mpaka mpiga tumba akakaa chini. "Kazikaanga!" alisema. "Kaka, besi yako imekaangwa!" Stambuli peke yake hakucheka, alikuwa anaitazama baiskeli kama mtu anayeona basi likimwacha. Na Amosi naye hakucheka. Aliegemeza baiskeli ukutani, akaja akachuchumaa ili nyuso zao zilingane.

"Kwa nini?" akauliza.

Ndilo lile swali.

"Zilianza kuota kutu," alisema Regina. "Na wewe ulisema huna nyingine." Akakikunja kitambaa. "Sikutaka ukose."

Amosi alimtazama, kisha akautazama uzi, akavisugua vidole vyake viwili, akavinusa. "Na mimi nikasema unyevu," alisema polepole.

"Naweza kuyatoa. Sufuria ikigandiwa na mafuta naichemshia magadi. Nipe nyuzi."

"Kuchemsha nyuzi?" Stambuli aliruka. "Msichana, hizo si maharage! Utaziua kabisa."

"Kaka Amosi, zimeshakufa," alisema Regina. "Tuzichemshe tu."

Mzee Dadi akatazama juu kwenye mabati, mvua ilikuwa inaanza. "Aliyeroga ndiye anayejua dawa," alisema. "Mpe."

*

Amosi alifungua nyuzi nne, akaziviringa kama pete kubwa, akamfuata jikoni. Regina akapuliza moto, akateleka sufuria, akatia maji na fumba la magadi. Yalipotokota akazitumbukiza, moja baada ya nyingine. Amosi akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Mikono aliibana magotini, kama mtu anayesubiri nje ya wodi.

"Ushawahi kuchemsha nyuzi?"

"Sijawahi."

"Basi nitajuaje kama tayari?"

Regina akakoroga. "Zikiiva nitakuita," alisema.

Ilimtoka tu. Amosi akaangua kicheko, kicheko kamili, cha kwanza wiki ile. Regina akageukia moto ili moshi uwe ndio sababu ya machozi yake.

Povu likaanza kupanda, kahawia, lenye macho ya mafuta juu yake. Harufu ya mbarika ikajaa jiko. Regina akaliengua kwa kijiko, likaja jingine, akaengua, mpaka maji yakatulia. Akazitoa, akazisuuza kwa maji ya mvua mara mbili, akazikausha kwa kitambaa kisha akazitandika kando ya mafiga, si karibu sana, kama mjomba alivyoitega ngoma kwenye joto kabla ya kupigwa. Hilo nalo alimweleza Amosi. Alimweleza na habari za mjomba Anselmi, na chupa ndani ya kanga. Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja. Amosi alisikiliza vilevile alivyosikiliza noti zake, kichwa ameinamisha.

Nyuzi zikafungwa. Amosi akakaza vigingi, akapatanisha sauti na gitaa la mzee Dadi, akapiga uzi mnene.

Ukalia. Kwanza ncha, kisha tumbo, kisha mkia mrefu ambao haukutaka kuisha.

"Loo," alisema mzee Dadi. Alichukua gitaa lake akaanza wimbo, na Ngerengere ikasahauliwa hapohapo.

Stambuli aliomba wajaribu pedali mara moja tena, na haki ya mtu apewe, safari hii ilipendeza, besi ikawa pana na laini. "Unaona!" alisema. "Nzuri," alikubali Amosi. "Lakini sitaiendesha kwenda sokoni." Stambuli akacheka, akafunga kisanduku chake, akapiga tandiko la baiskeli kwa huzuni akaenda zake.

Wenzake walipotoka kuvuta hewa, Amosi alimwita Regina kabla hajarudi jikoni.

"Nikiwa hapa jirani ya spika siisikii kama wanavyoisikia watu wa nyuma. Simama kule mlangoni. Nikizungusha, wewe niambie."

Regina akaenda mlangoni. Amosi akapiga, akashika kitufe. Regina akainua kiganja, akakishusha kidogo. Amosi akapunguza. Regina akakigeuza kando, Amosi akashika kitufe kingine. Waliendelea hivyo, mkono na kitufe, mvua ikipiga mabati. Mara Amosi akainamia nyuzi asiutazame mkono wa Regina tena.

"Sikuoni," alisema, akiendelea kupiga. "Lazima useme. Na kesho asubuhi ukilishika gitaa, tumia kitambaa kikavu tu."

*Ukilishika.* Regina alisimama na neno hilo. Karibu na mguu wake ile ndoo yake ya maji ilikuwa imesahauliwa, na viduara vilikuwa vikitoka katikati, vikigusa ukingo, vikirudi. Amosi alizungusha kitufe taratibu, unywele kwa unywele, akimsubiri.

"Hapo," alisema Regina.

Alisema kwa sauti ya kumfikia.