Meno ya Ngari

Mwaka wa 1966 Kihara wa Wamagana hakuwa na redio, hakuwa na mke tena, hakuwa na jino la mbele hata moja, wala hakuwa na shahidi. Alikuwa na mbwa, Karani, ambaye chifu alikuwa ameamuru apigwe risasi Ijumaa kwa kuua kondoo watatu wa jirani, Theuri.

Kihara alijitetea kwa barua, maana chifu alimkataza kufika ofisini, ati maneno yake hayana mwisho. Kwa Kiswahili alichojifunza darasa la usiku, aliandika: "Kondoo waliuawa na ngari." Jibu lilikuwa fupi: "Leta namba yake."

Jumanne akaenda Nyeri mjini, duka la Salim, muuza mafuvu, pembe, vipepeo waliochomwa pini na nyoka ndani ya chupa. Akamvulia kofia nyati aliyejazwa pamba, akaona amekosea, akaivaa tena.

"Bwana Salim, uko na ngari?"

"Iko nyuma. Lakini haiuzwi, mzee. Haina hata breki."

"Ati breki? Mimi nataka ile ya kuuma."

Salim alicheka mpaka akashika meza. "Kumbe wataka chui! Ngari ni chui kwa Kikuyu chenu. Na gari mwaita ngari. Sasa nani atawaelewa?"

Kihara hakucheka. Alikunjua gazeti, akatoa ngozi ya shingo ya kondoo mmoja, yenye matundu manne. Salim akaleta fuvu la chui. Meno yakaingia matunduni yote manne, bila kulazimishwa.

Kisha Kihara akatoa uzi wenye mafundo mawili, kipimo cha meno ya Karani. Mafundo hayakufika kwenye matundu.

"Hukuogopa kumpima?"

"Yeye ndiye aliogopa."

Salim akakubali kutia sahihi kama shahidi. Kihara akaandika palepale mezani, akachora matundu kwa ukubwa wake: "Kondoo waliuawa na chui, yaani mnyama."

"Chui wote ni wanyama, mzee."

"Wewe wajua. Chifu hajaandikiwa hivyo."

Akaweka barua na uzi ndani ya bahasha, akalamba gundi, akaikandamiza kwa fuvu mpaka ikashika. Huko posta, Kihara alimuuliza karani wa dirishani mara mbili kama barua itafika Alhamisi. Mara zote mbili akaambiwa itafika. Akaitumbukiza.