Gunia la Mwisho wa Mwezi

Gari la ng'ombe lilipita tena. Mwezi wa tatu huo mfululizo, na mara zote tatu lilipita mbele ya baraza la Shaame bila hata kupunguza mwendo, likenda kubwaga gunia la mchele mlangoni kwa Matano. Bi Mwatum, jirani asiyepitwa na jambo, alikuwa keshatoka nje na upawa mkononi.

"Shaame, lako lini, baba? Au weye huko kinuni wenda kulala?"

Baraza zima likacheka. Shaame alihisi damu inampanda mpaka masikioni.

Mwaka ule wa hamsini na tisa watu wa Wete walikuwa wakisusiana kwa ajili ya vyama vya siasa, hata mazikoni mtu hendi kwa mwenzake. Lakini gunia la Matano lilizungumzwa na pande zote mbili kwa kauli moja. Matano fundi, Shaame mvivu.

Chanzo ni meneja. Alitoka Mombasa kuja kuendesha kinu cha mafuta ya nazi, akakuta mafundi wawili: Matano wa mashine za kukamulia mbata, yaani nazi kavu, na Shaame wa injini inayoziendesha. Akaona awatie moyo. Kila kinachoharibika, fundi anaandikiwa cheti cha kukitengeneza. Mwenye vyeti vingi mwisho wa mwezi, gunia lake. Tangu hapo mashine za Matano haziishi kuumwa. Nati aliyoikaza Jumatatu inalegea Jumatano, naye mbio na spana, jasho na kelele, "Nipisheni!" Cheti hicho. Injini ya Shaame ilikuwa haijasimama mwaka wa nne. Kila asubuhi aliizunguka na kopo la mafuta, akaweka kiganja juu ya beringi inayobeba shafti, kama mama anayempima mtoto homa, akajua leo inataka nini. Kwa hilo hapakuwa na cheti.

Siku ya pili ya kicheko kile alimfuata meneja ofisini, hakungoja kukaribishwa.

"Bwana, injini haivunjiki kwa sababu mie naiangalia. Nihesabie siku inazozunguka, usinihesabie siku inazokufa."

Meneja hakuinua macho. "Kisichoharibika kina haja gani na fundi? Tangu leo usiguse mashine isiyo na cheti. Na mwezi ukiisha huna hata kimoja, nitajua fundi mmoja ananitosha."

Miaka kumi na moja kinuni, leo anaambiwa hivyo.

"Vyema," alisema Shaame. "Umesema mwenyewe."

Akalitundika kopo ukutani, akaketi juu ya kasha, mikono kifuani.

Siku ya kwanza injini haikulalamika. Ya pili vilevile. Siku ya nne beringi kubwa ikaanza kulia, sauti nyembamba ambayo wengine hawakuisikia. Shaame aliisikia ndani ya meno. Hatua sita tu na matone machache ya mafuta, ingetulia. Mguu ukainuka wenyewe. Akakumbuka "fundi mmoja ananitosha," akaukaza chini.

Alasiri Matano mwenyewe akaja mbio.

"Yakhe, injini yako inalia, husikii?"

"Nasikia kuliko weye. Ina cheti?"

"Cheti gani! Inataka mafuta!"

"Kamwambie aliyetoa amri. Kwani fundi si weye?"

Matano akakimbilia ofisini. Meneja hajavuka uwanja, kikalia kishindo. Shafti ikakwama, mkanda ukachomoka ukapiga ukuta, na kinu chote kikanyamaza. Wapagazi wakaganda na vikapu vya mbata mabegani.

"Tengeneza!" Meneja alipiga kelele, huku akiandika vyeti papo hapo: cha beringi, cha shafti, cha mkanda.

Kazi ile ilimchukua Shaame siku tisa. Shafti ilikwaruzika vibaya. Aliisugua mpaka vidole vikachubuka, na alijua fika kwamba hata ikizunguka haitakuwa ile tena. Lakini kila siku vyeti vilizidi.

Mwisho wa mwezi gari likasimama mlangoni kwake. Vigelegele mtaa mzima. Kazija, mkewe, akapika wali wa nazi, na baada ya sala ya Ijumaa baraza likafurika wanaume, ndani wanawake. Meneja alituma salamu: aendelee vivyo hivyo.

"Leo ndiyo umekuwa fundi, baba!" Bi Mwatum alipaza sauti kutoka ukumbini.

Shaame alikuwa hajatia hata tonge kinywani. "Miaka minne injini haikusimama, mkaniita mvivu," alisema. "Mwezi huu nimeua injini, ndiyo mnanipigia vigelegele!"

Watu wakacheka, wakadhani mzaha. Matano peke yake, aliyekula naye sinia moja, hakucheka. Alimsukumia mnofu wa samaki upande wake, akamwinamia sikioni.

"Kula, yakhe. Gunia la kwanza hukwama kooni. La pili hutelemka lenyewe."

Shaame akalisukuma sinia kwa mikono yote miwili. Wali ukamwagika mkekani, juu ya kanzu za watu, na kicheko kikakatika.