Ushahidi wa Meno Mbili

Mwizi alininyang'anya simu njiani kwenda Rubona, akanipiga ngumi, meno mbili ya mbele yakaanguka. Wiki nzima nikakula uji kama mutoto. Donc nikaenda biro ya serikali kuomba fidia, angalau wanilipie meno ya kubandika.

"Muzee, lete picha yenye kuonyesha ulikuwa na meno," akasema Kamikazi, karani wa pale. Wakubwa wetu, kazi yao ni kutuma mutu alete karatasi.

Nilikuwa na picha moja tu, ya ndoa. Marehemu bibi yangu Epiphanie anacheka. Mi nimefunga mudomo kama mulango wa biro yao saa sita.

"Hapa hakuna jino, muzee."

"Basi muulize mwizi, si mumeshamufunga! Nilimuuma mukono kabla anipige!"

Wakamutoa cachot, mule walimufungia, jina lake Ndahiro, wakamukunja mukono wa shati. Alama za meno yangu zote ziko, hata za yale mawili yenye kuanguka. Kamikazi akapima na rula, akaandika. Nikafurahi: bon, leo serikali imeona.

"Mama, na mi niliumizwa!" Ndahiro akalia. "Mi pia nataka fidia!"

Fomu ya fidia ilikuwa imebaki moja. Kamikazi akamupa Ndahiro, eti yeye ushahidi wake anatembea nao.