Bawaba ya Juu

"Ni shetani tu alimpitia," shangazi alisema.

"Shetani hajui kuchomelea," baba akamjibu.

Kicheko kilitaka kutuponyoka, tukakimeza. Shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, alikuwa amesimama katikati ya sebule ya baba ingawa viti vilikuwapo. Geti alilotengeneza kwenye karakana yetu lilikuwa limeng'oka na kumwangukia mlinzi wa watu, likamvunja nyonga. Baba, aliyeianzisha karakana hiyo kabla macho hayajamchoka, alituita tuamue kama shemeji aendelee na kazi. Dada yangu alikuwa mjamzito, na nyumba yao haikuwa na riziki nyingine.

Mjomba naye alijaribu kumnusuru kwa njia yake. Ajali, alisema, huwa imeshaandikwa. Binadamu ni nani hata aifute? Shemeji akatikisa kichwa.

"Hapana, mjomba. Bawaba ya juu niliishikiza tu, tuone kama geti linafunga sawasawa. Nikaenda kula. Kurudi, nikakuta kijana wa kupaka rangi ameshamaliza. Nikaona uvivu kukwangua rangi mbichi nianze upya. Ni mimi."

Aliyasema bila kulia wala kujipigapiga kifua. Nilimwonea wivu, kisha nikamchukia kwa sababu ya wivu huo.

Baba akanigeukia. Mimi ndiye niliyekuwa fundi mkuu. "Na wewe wasemaje?"

Ningeweza kusema kweli. Sote tulifanya vilevile: nukta mbili za moto, geti linatundikwa, linajaribiwa, kisha bawaba inamaliziwa. Siku za kazi nyingi, kumalizia kulibaki chini ya rangi na hakuna aliyeuliza. Badala yake nikajikohoza kama hakimu.

"Baba, fundi anayeshikiza bawaba akaondoka ni muuaji ambaye siku yake haijafika."

Maneno mazuri. Shangazi mwenyewe aliguna. Sasa baba tumeshamzika, na watu wananiamkia kwa heshima zote za ufundi, lakini nikiyakumbuka maneno yale hata nikiwa peke yangu uso unaniwaka.

Maana sikuwa hata nimefunga mdomo niliposikia geti la baba likilia huko nje. Wajukuu walikuwa wakibembea juu yake. Geti lile nililitengeneza mimi. Bawaba yake ya juu niliishikiza tu, na aliyenibebea uzito wake begani siku ile, akinihimiza nifanye haraka kwa kuwa linamvunja mgongo, alikuwa shemeji.

Alitazama dirishani. Akanitazama mimi. Nikainamia zulia.

Uvivu wetu ulikuwa mmoja. Wa kwake ulimwangukia mtu, wangu ulikuwa bado umening'inia. Kwa tofauti hiyo tu, ambayo hakuna kati yetu aliyeifanyia kazi, yeye alisimama na mimi nikakaa kwenye kochi kumhukumu. Nilingoja aseme. Namna nilivyomwogopa dakika ile, sijawahi kumwogopa mtu.

Hakusema. Baba akaamua: kesho asubuhi akabidhi funguo za karakana na mashine ya kuchomelea.

Asubuhi alikuja akisukuma mashine kwenye toroli, dada yangu nyuma yake. "Baba, kabla sijakabidhi, naomba niguse geti lako kidogo." Baba alipunga mkono kama anayefukuza nzi. Shemeji akakwangua rangi kwenye bawaba ya juu, akaizungushia moto pande zote, akaiacha ipoe, akapaka rangi upya. Alipopita karibu yangu alisema kwa sauti ya chini, bila hasira:

"Watoto wanabembea, shemeji."

Hasira ingenisaidia. Ningepata cha kujibu.

Baba akaniita. "Hebu kaangalie, mimi sioni vizuri. Amefanya nini pale?"

Nikapapasa bawaba. Ilikuwa bado na joto. "Ameiongezea nguvu."

"Imeshika?"

"Imeshika, baba."

"Kumbe akitaka anaweza!" Baba alisikitika kwa dhati. "Mkono anao. Alichokosa ni moyo wa kazi. Angeiga kwako tu, yasingemfika haya."

Shemeji alikuwa ameinama akikunja nyaya za mashine. Dada yangu alisimama kando ya toroli, mkono tumboni, akinikazia macho, na nikajua kwamba mumewe amemwambia. Alikuwa akinisubiri.

"Ndiyo, baba," nikasema.