Gari la Kijivu Nyuma ya Jeneza

Bi Kahonzi aliomba jambo moja tu. Mumewe alikata roho wodini saa ambazo wageni hawaruhusiwi, yeye akiwa nje ya lango na chupa ya uji mapajani, wala hakuwahi kumfumba macho. Basi siku ya kumtoa katika chumba cha maiti pale Kilifi, alimwambia bintiye, "Kadii, mwanangu, kutoka hapa hadi nyumbani nisimpoteze machoni."

Kadii alikuwa mwaka wa tatu chuoni, na kuendesha gari alifundishwa na marehemu mwenyewe. Alitwaa usukani wa pikapu ya ami yake, akamketisha mama kando yake, akaligandama gari la maiti kama ruba. Kupitia kioo cha nyuma cha gari lile jeneza lilionekana lote, pamoja na leso ambayo Bi Kahonzi alilifunika nayo kwa mikono yake.

Mbele ya Kibarani barabara ilikuwa ikikarabatiwa. Magari yaliyojipanga safu mbili yalitakiwa yaingie safu moja, na kila dereva alijifanya kipofu asimwone mwenziwe. Marehemu, Mzee Mwaringa, aliendesha lori la maziwa la Mariakani kwa miaka ishirini na sita, na kauli yake ilikuwa kwamba ukitaka kumjua mtu usimtazame akiomba Mungu, mtazame mahali njia inapobana. Yeye alipisha. Aliwapisha hata waliomtukana mama yake. Kadii, aliyeamini kwamba haki huanza katika mambo madogo, alirithi kanuni hiyo lakini subira ya baba hakuirithi.

Siku hiyo watu waliwapisha. Dereva wa lori la mchanga alivua kofia akaiweka kifuani. Gari la maiti likapita, na Kadii akaondoa mguu kwenye breki ili alifuate. Ndipo gari refu la kijivu, lililokuwa likija ukingoni mwa barabara huku likiwatimulia vumbi wote waliopanga foleni, lilipojitoma katikati yao. Kadii alikanyaga breki kwa nguvu zote na bega la mama yake likagonga mlango. Mwenye gari, mwanamume wa makamo aliyevaa shati jeupe, aliwasha taa za tahadhari naye kama wafiwa, simu ikiwa sikioni. Hakugeuka.

Kadii alipiga honi, tena akaipiga. Mama akamshika mkono.

"Usipige. Aliye mbele ni baba yako." Kisha, baada ya kunyoosha shingo huku na huku: "Simwoni."

Neno lile lilimchoma Kadii kuliko matusi. Alimpigia simu Ngowa, binamu yake, mwendesha bodaboda aliyekuwa akiuongoza msafara na wenzake watano. Mbele kidogo njia ya mchepuko iligawanyika: mkono wa kulia ilirudi kwenye lami ya Malindi, mkono wa kushoto ilipanda bara kuelekea kwao.

"Huyo wa kijivu ni mfiwa mwenzetu," alimwambia. "Asije akapotea njia."

"Hapotei, dada. Tutamfikisha hadi uwanjani."

Walipofika kwenye panda, pikipiki sita zilikuwa zimeuziba mkono wa kulia. Yule mtu akashusha kioo akabisha. Ngowa alivua helmeti, akampa pole ya msiba kwa adabu zote, akamwonyesha kushoto. Kurudi nyuma hakungewezekana, kwa kuwa pikapu ya Kadii ilikuwa imemkaribia kiasi cha kupitisha kisu tu, na nyuma yake kulikuwa na mabasi mawili ya waombolezaji. Ngowa angeweza vilevile kumweka kando hapo penye upana, pikapu ikapita, mama akampata tena mtu wake. Kadii alilijua hilo. Hakulitaka. Alimtaka huyu mtu afike.

Wakapanda hivyo kwa muda wa dakika arobaini katika njia ya gari moja, yenye mitaro pande zote mbili, na Bi Kahonzi hakuona kitu ila bati la kijivu.

Nyumbani Kadii alimwendea ami yake Ngumbao, aliyekuwa akiongoza shughuli, akamnong'oneza kwamba mgeni yule ameandamana na jeneza kutoka mjini bila kuliacha hata hatua moja. Hakusema uongo. Mzee Ngumbao aliguswa sana. Akamtwaa mgeni kwa mkono, akampitisha mbele ya watu mia tatu, akamketisha karibu na mjane, na wakati wa salamu za mwisho akamtaka aseme alivyomjua marehemu.

Mtu yule akasimama. Alijitaja kuwa Lewis. Angeweza kusema kweli, ila kweli yenyewe ilikuwa kwamba ameiba nafasi ya wafiwa ili aiwahi miadi yake Malindi. Akasema kwamba marehemu alikuwa mtu mwema, na kwamba walikutana barabarani.

Bi Kahonzi aliinua uso. "Alikupisha?"

"Alinipisha, mama."

"Alimpisha kila mtu. Sasa nisikilize, baba. Mimi nilitaka kumtazama njia nzima, nikaona gari lako. Wewe ndiwe uliyekuwa macho yangu. Niambie ulichokiona. Leso yangu ilikaa, au ilianguka?"

Lewis alilitazama jeneza lililokuwa limekwisha kufunikwa maua, akatazama viatu vyake. Kadii, aliyekuwa ameingoja saa hii tangu Kibarani, alisogea ili asipitwe na kitu chochote cha uso ule.

"Sikuangalia, mama," Lewis alisema hatimaye. "Nilikuwa nikitazama saa."

Mnong'ono ulipita uwanjani kama moto wa makuti. Walipomshusha marehemu, Kadii mwenyewe alimkabidhi Lewis sepeto, na kila alipokuja kijana kumpokea, Kadii alimzuia akasema kwamba aliyesindikiza hupumzika mwisho. Shati jeupe likawa jekundu kwa udongo. Baadaye Lewis alimjia Kadii, viganja vimemchubuka, akamwomba kwa upole aisogeze pikapu iliyomzibia njia. Kadii alimjibu kwamba wali ndio kwanza unatiwa maji, na kwao hakuna aondokaye mazikoni kabla ya kula. Funguo aliziacha mfukoni.

Bi Kahonzi aliyaona hayo yote. Alimwita bintiye.

"Pale kwenye panda palikuwa na nafasi," alisema taratibu. "Ungeweza kunipitisha."

Kisha mama akamwonyesha kaburi kwa kidole.

"Chukua viti viwili, uviweke pale kaburini. Kimoja cha mgeni wako, kimoja chako. Mtamtazama baba yako mpaka niwaite."

Kadii akaenda kuchukua viti.